Picha Moja Haitoshi: Historia ya Kuchungulia Ubongo Baada ya Mionzi

Leo naandika juu ya kitu kinachoonekana ni cha madaktari peke yao, lakini ni chetu sote: picha za kichwa anazopigwa mgonjwa wa uvimbe wa ubongo akishamaliza tiba ya mionzi.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema ndio usimalize bando bure. Huku kwetu tumezoea kupima maendeleo ya afya kwa kuhesabu mashine. Mkubwa anakuja, anakata utepe, tunapiga selfi na mashine, tunaposti, tunarudi nyumbani. Lakini ukisoma historia ya namna binadamu alijifunza kuangalia ubongo, unakuta jambo lingine. Kwa mtu aliyepata mionzi, picha moja haijibu swali, hata ikitoka kwa mashine ya mamilioni. Jibu linapatikana ukiweka picha mbili kando kwa kando. Ukipoteza ya kwanza, ya pili nayo imepoteza nusu ya maana yake.

Twende pole pole, tuanze zamani.

Kichwa kilipokuwa sanduku lililofungwa

Kusini yetu huko Kisii kulikuwa na mafundi walioitwa ababari. Mtu akigongwa kichwani na maumivu yakakataa kuisha, omobari alipasua ngozi ya kichwa na kukwangua mfupa wa fuvu kwa vyuma vyake. Watafiti waliwaandika na hata kuwapiga filamu katika karne ya 20, na kilichowashangaza ni kwamba wagonjwa wengi walipona. Lakini fundi huyo alifuata vidole vyake na maneno ya mgonjwa tu. Ndani ya ubongo hakuona kitu.

Usidhani Ulaya walikuwa mbele sana. Novemba 1895, Wilhelm Röntgen aligundua eksirei kule Würzburg, Ujerumani, na Desemba hiyo hiyo akapiga picha ya mkono wa mkewe, mifupa na pete vikaonekana. Dunia ikachanganyikiwa kwa furaha. Shida ni kwamba ubongo ni laini na umezungukwa na mfupa mgumu. Ukipiga eksirei ya kichwa unaona fuvu. Ubongo wenyewe hauonekani.

Mwaka 1918 na 1919 daktari wa upasuaji Walter Dandy, huko Baltimore, Marekani, akapata mbinu ya ajabu: toa maji yanayozunguka ubongo, ingiza hewa mahali pake, kisha piga eksirei. Hewa inaonekana tofauti, kwa hiyo ukiona njia ya hewa imesukumwa upande, unajua kuna kitu kinasukuma. Wagonjwa waliumwa kichwa vibaya na kutapika. Mwaka 1927, Egas Moniz wa Lisbon akaingiza dawa inayoonekana kwa eksirei ndani ya mishipa ya damu ya shingo, akaangalia kama mishipa ya ubongo imepinda.

Unaona hizo mbinu zilikuwa nini? Ni kama kujua kuna mtu nyuma ya pazia kwa sababu pazia limefura. Mtu mwenyewe humwoni. Na kwa mateso hayo, ilikuwa ngumu sana kumwambia mgonjwa arudi kila baada ya miezi michache ili alinganishwe na jana yake.

Kampuni ya muziki na kijana wa Johannesburg

Hapa Afrika inaingia, na sijui kwa nini shuleni hatukuambiwa. Allan Cormack alizaliwa Johannesburg mwaka 1924. Mwaka 1956 alikuwa akifanya kazi kwa muda katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, kama mtaalamu wa fizikia. Alipoona jinsi mionzi ya wagonjwa ilivyopangiwa kwa makadirio, kana kwamba mwili wote ni kitu kimoja tu, akajiuliza: je, tukipiga eksirei kutoka pande nyingi, hesabu haiwezi kutuambia kilichoko ndani? Alichapisha hesabu zake mwaka 1963 na 1964. Karibu hakuna aliyejali.

Angalia hapo: swali lililozaa picha za kisasa za ubongo lilitoka katika chumba cha mionzi. Tangu mwanzo vitu hivi viwili ni ndugu.

Uingereza, bila kujua habari za Cormack, injinia Godfrey Hounsfield alikuwa akijenga mashine yenyewe. Alifanya kazi EMI, kampuni ile ile iliyotoa rekodi za The Beatles. Tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley, London, mama mmoja aliyeshukiwa kuwa na uvimbe sehemu ya mbele ya ubongo akawa mgonjwa wa kwanza kupigwa skani ya CT ya kichwa. Data iliingia kwenye tepu, tepu ikapelekwa kwa kompyuta kupigiwa hesabu, ndipo picha ikatoka: doti 80 kwa 80. Ikoni ya app kwa simu yako ina doti nyingi kuliko hiyo. Lakini uvimbe ulionekana, na daktari alipopasua aliukuta pale pale.

Mwaka 1979 Cormack na Hounsfield waligawana Tuzo ya Nobel ya tiba. Wote wawili hawakuwa na PhD. Hiyo nimeiweka kwa ajili ya wewe uliyeambiwa gredi zako zimekufungia maisha.

Kisha ikaja MRI. Paul Lauterbur alichapisha picha ya kwanza ya aina hiyo mwaka 1973, Peter Mansfield akaongeza hesabu na kasi, na mwaka 2003 wakapata Nobel yao. MRI inatumia sumaku yenye nguvu na mawimbi ya redio, haina mionzi, kwa hiyo mgonjwa anaweza kurudi mara nyingi bila kuongezewa mzigo huo. Inaonyesha nyama laini ya ubongo vizuri kuliko CT. Kwa mara ya kwanza, kumfuata mgonjwa mwezi baada ya mwezi kukawa jambo la kawaida.

Na hapo ndipo tatizo jipya likajitokeza.

Picha inavyoweza kukudanganya

Mishipa ya damu ya ubongo ina ukuta mkali kuliko ya sehemu nyingine. Vitu vingi vilivyo ndani ya damu haviruhusiwi kuingia kwenye ubongo. Uvimbe mkali unavunja huo ukuta. Kwa hiyo mgonjwa akidungwa dawa ya gadolini, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1988, dawa inavuja mahali ukuta umevunjika, na sehemu hiyo inang'aa nyeupe kwa MRI. Rahisi: palipo peupe pana uvimbe.

Sasa leta mionzi. Kwa uvimbe mkali kama glioblastoma, mpango wa kawaida ni vipindi 30, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki 6. Mionzi inaua seli za uvimbe, lakini nayo inaumiza mishipa na kuvunja ule ukuta. Dawa inavuja. Picha inang'aa. Pengine inang'aa kuliko kabla ya tiba.

Yaani uvimbe unaokua na uvimbe unaokufa vinaweza kutoa picha zinazofanana kama mapacha.

Madaktari wenyewe walichukua muda kukubali hili. Mwaka 1990 walikuwa na kanuni inayoitwa vigezo vya Macdonald: eneo linalong'aa likiongezeka kwa asilimia 25, hesabu kwamba ugonjwa umeendelea. Mwaka 2005 utafiti ulioongozwa na Roger Stupp ulionyesha kwamba kuongeza dawa ya temozolomidi juu ya mionzi kunarefusha maisha ya wagonjwa wa glioblastoma. Tiba hiyo ilipoenea, wakaanza kuona wagonjwa wengi ambao picha yao ya kwanza ilikuwa mbaya, halafu miezi kadhaa baadaye ikatulia yenyewe bila tiba kubadilishwa. Wakaiita hali hiyo kwa jina ambalo mimi nalitafsiri ukuaji bandia.

Fikiria maana yake. Wapo watu walioachishwa dawa iliyokuwa ikifanya kazi, kwa sababu picha moja ilisemwa vibaya.

Mwaka 2010 wataalamu wakaandika vigezo vipya, RANO. Ndani ya wiki 12 baada ya mionzi, usitangaze kwamba uvimbe umerudi kwa sababu tu eneo linang'aa zaidi, isipokuwa kama kuna kitu kipya kimetokea nje ya sehemu iliyopigwa mionzi, au kipande kimekatwa na kupimwa maabara. Mwaka 2023 wakavirekebisha tena, wakasema picha inayopigwa baada ya mionzi ndiyo itumike kama msingi wa kulinganishia zinazofuata.

Soma hiyo mara ya pili. Sayansi yenyewe, baada ya miongo ya kubishana, imefika mahali inasema: picha ya kwanza baada ya mionzi ichukuliwe kama mstari wa kuanzia mbio. Hukumu itangoja.

Na mambo hayaishi kwa wiki 12. Kuna kufa kwa tishu kutokana na mionzi, ambako kunaweza kutokea miezi mingi au hata miaka baadaye, na nako kunafanana na uvimbe uliorudi. Tangu mwaka 1982, Giovanni Di Chiro na wenzake Marekani walijaribu kutenganisha haya mawili kwa PET: mgonjwa anadungwa sukari yenye alama ya mionzi, na seli hai zinazokula sukari nyingi zinawaka. Wazo zuri, ila ubongo wenyewe ni mlafi wa sukari, kwa hiyo uvimbe unaweza kujificha ndani ya mwangaza wa ubongo mzima. Siku hizi kuna pia MRI inayopima damu inavyopita: uvimbe hai hujijengea mishipa mingi, tishu iliyokufa haina. Hata hivyo kuna wakati inabidi kupasua na kupima.

Kuna udanganyifu wa upande wa pili pia. Dawa za steroidi kama deksamethasoni hupunguza kufura na kuzuia ile dawa kuvuja. Mgonjwa akiongezewa dozi wiki ya kupigwa picha, picha inaweza kupendeza bila uvimbe kupungua. Ndio maana daktari anayesoma lazima ajue mgonjwa anameza nini.

Sasa turudi kwetu

Kwa miongo mingi, Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta ndiyo ilikuwa hospitali pekee ya umma Kenya yenye tiba ya mionzi. Mtu wa Kitale au Bungoma alikuwa na karibu kilomita 400 za kusafiri, kisha foleni ambayo wakati fulani ilipita mwaka mmoja. Jirani zetu wa ng'ambo ya Lwakhakha hawakuwa na afueni: mashine ya mionzi ya Mulago, Kampala, iliharibika kabisa mwaka 2016, na mpya ikazinduliwa Januari 2018.

Mwaka 2015 serikali ikaanzisha mpango wa kukodisha vifaa, ule wa MES, kwa hospitali 98 katika kaunti zote 47. Vifaa vya picha vilikuwa ndani, na skani za CT zikaongezwa baadaye. Baadhi ya mashine zilikaa kwa masanduku kwa sababu hakukuwa na umeme wa kutosha au mtu wa kuziendesha, na mwaka 2020 kamati ya Seneti ikautolea mpango huo ripoti kali sana.

Sisemi hakuna kilichobadilika. Mwaka 2018 Aga Khan Nairobi walianza kutumia PET, na baadaye hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta ikapata yake. Mionzi imefika Nakuru, Mombasa na Garissa. Eldoret iko karibu: kutoka Kitale unapitia Moi's Bridge na Soy, kutoka Bungoma unapitia Webuye na Turbo. Safari ya siku tatu imekuwa ya asubuhi moja.

Lakini tazama safari ya mgonjwa mmoja. Picha ya kwanza anapigwa Bungoma. Upasuaji Eldoret. Mionzi Nairobi, kwa sababu ndiko kulikuwa na nafasi au ndiko kuna shangazi wa kumlaza wiki 6. Picha ya kufuatilia anapigwa Kitale kwa kituo cha kibinafsi, kwa sababu siku hiyo ndiyo ilikuwa na bei nafuu. Miji minne, mashine nne, kompyuta nne zisizosalimiana. Kila mashine inafanya kazi yake sawasawa, na bado hakuna mtu aliyewahi kuona picha zote nne pamoja.

Khocha wangu, ndugu ya mama, anakaa upande wa Chwele. Yeye alipitia haya. Miezi miwili baada ya mionzi akapigwa picha, ripoti ikasema uvimbe umeongezeka. Aliyesoma alikuwa na vipimo vilivyoandikwa kwa karatasi tu, vya kabla ya upasuaji. Tulipoenda kuomba picha zenyewe, hospitali moja ambayo sitaitaja ilituambia kompyuta ilibadilishwa na za zamani hazipatikani tena. Walisema hivyo kama mtu anayekwambia soda zimeisha.

Nyumbani kikao kikaitwa. Kukhu akasema mtoto wake aletwe alale kwake. Mzee mmoja akaanza kuuliza bei ya ng'ombe, na sote tulijua ng'ombe wa nini. Khocha mwenyewe alikuwa amekaa hapo hapo, anasikia.

Kilichotuokoa ni binamu yangu, ambaye siku ya mwisho ya mionzi aliomba picha kwa CD na akaitunza. Daktari mwingine akaiweka kando ya ile mpya, akauliza tarehe, akauliza dozi ya steroidi, akasema: "Ni mapema. Tusibadilishe kitu, arudi baada ya wiki 8." Aliporudi, mng'ao ulikuwa umepungua. Khocha bado yuko. Mkono wa kushoto umelegea na husahau majina, lakini anauza miche ya kahawa na anabishana na redio kila asubuhi. Najua uvimbe wake unaweza kurudi. Najua pia kwamba tulikaribia kumzika akiwa hai, na sababu ilikuwa faili iliyofutwa.

Tunachopaswa kudai

Sheria si kwamba hatuna. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kupata taarifa zako zinazoshikiliwa na mtu mwingine, na picha ya kichwa chako ni taarifa yako. Sheria ya Afya ya Kidijitali ya mwaka 2023 inaahidi mfumo mmoja wa taarifa za afya nchi nzima. Kwangu mimi, mfumo huo ukishindwa kubeba MRI kutoka Eldoret hadi Bungoma, umeshindwa mtihani wa kwanza.

Pesa nayo ni ukweli. SHA ilipoanza Oktoba 2024, kikomo cha saratani kilikuwa shilingi 550,000 kwa familia kwa mwaka, yaani 400,000 za mfuko wa bima na 150,000 za mfuko wa magonjwa sugu. Tiba inapokula hiyo hesabu, picha za kufuatilia ndizo watu huacha kwanza. Wanasema, si alishamaliza mionzi? Lakini kumaliza mionzi ndiko kuanza kufuatilia: mara nyingi picha moja mwezi mmoja hivi baadaye, kisha kila miezi 2 hadi 4, kulingana na aina ya uvimbe na daktari wako.

Mimi si daktari, kwa hiyo haya si ya kubadilisha tiba ya mtu. Ni ya kwenda nayo kliniki:

1. Omba picha zenyewe kwa CD au flashi kila unapopigwa. Ripoti ya karatasi haitoshi.
2. Andika tarehe ya mwisho ya mionzi mahali mtu yeyote anaweza kuiona.
3. Andika dozi ya steroidi ya wiki ya picha.
4. Ikiwezekana, rudi kwa mashine ile ile, na uulize kama utadungwa dawa ya kung'arisha kama mara iliyopita.
5. Ukiambiwa imeongezeka, uliza: imelinganishwa na picha gani, ya lini, na wiki ngapi baada ya mionzi?

Mgonjwa akiwa na maumivu makali mapya, degedege au mwili kulegea ghafla, hiyo usingoje tarehe ya picha. Mpeleke hospitali.

Na kwa wakubwa wetu wa Trans Nzoia na Bungoma: mkija kuzindua mashine nyingine, karibuni, tutapiga makofi. Halafu sisi vijana tutauliza maswali matatu. Picha zinahifadhiwa wapi? Kwa miaka mingapi? Na daktari wa kaunti ya pili anaziona vipi? Mkiwa na majibu, hapo ndipo nitaposti.

Wewe msomaji, kama nyumbani kuna mtu aliyewahi kupigwa mionzi ya kichwa, leo jioni muulize bahasha ya picha iko wapi. Kama iko juu ya kabati inaliwa na mende, ishushe, ipange kwa tarehe, na kama kuna CD, nakili mahali pengine. Itakuchukua dakika 20.